Alhamisi kwa Mjomba

Jumatatu, 4 Machi
Mvua imeanza leo saa nane mchana, karani akiwa katikati ya kusoma shtaka la wizi wa nyaya. Bati la mahakama likaanza kunguruma, hakimu akaahirisha kesi kwa kuwa hakuna aliyemsikia mwenzake. Nimerudi chumba cha habari na mistari tisa. Mhariri akaniuliza kama safu ya jazi iko tayari. Nikamwonyesha santuri nne mezani, zote za mwezi huu. Kampuni hutoa albamu mvua zikianza, watu wakiwa wamefungiwa ndani hawana pa kwenda.

Alhamisi, 7 Machi
Kwa Mjomba, kama kila Alhamisi.

Mjomba ni kaka mkubwa wa mama yangu. Safu yake hutoka Jumamosi katika gazeti la asubuhi, na amekuwa akiiandika kwa miaka thelathini na mmoja. Albamu akiisifu, Jumatatu haipatikani dukani. Yangu hutoka Jumatatu katika gazeti la jioni, ukurasa wa kumi na nne, chini ya chemsha bongo. Yeye ndiye aliyenifundisha kusikiliza nilipokuwa shule. Alisema: "Usiandike kwamba muziki ni mzuri. Andika nani alifanya nini, dakika ya ngapi." Kanuni hiyo imenilisha mahakamani kwa miaka ishirini na sita.

Utaratibu wetu haubadiliki. Mkaza-mjomba huleta chai na kuweka santuri. Mjomba hukaa kwenye kigoda, mkono juu ya sanduku la spika, macho amefumba. Muziki ukiisha hufumbua macho, hugeuza kigoda tutazamane, na kusema: "Haya, shahidi wa kwanza."

Leo ilikuwa *Madirisha Mawili*, piano peke yake, dakika thelathini na nane. Nilisema mkono wa kushoto unatembea kama mtu anayezima taa chumba kimoja baada ya kingine. Nilisema wimbo wa pili urukwe.

"Na wewe, Mjomba?"

"Mimi nimekubaliana na shahidi."

Jumamosi, 9 Machi
Taa zangu zimo kwenye safu ya Mjomba, aya ya pili. Nimefurahi, nakiri. Ni kama mwalimu amekuchukulia kalamu akaandikia.

Jumatatu, 11 Machi
Mhariri ameiona. "Mama Mahakama," (ndivyo wanavyoniita hapa) "wewe na mjomba wako mnatafuna maneno kwa meno yale yale?" Nikamwambia watu wanaosikiliza pamoja husema pamoja. Akakata sentensi yangu ya taa. Wasomaji wangedhani nimemwibia mzee.

Alhamisi, 14 Machi
Mvua. *Barua Isiyo na Stempu*, saksafoni mbili na drams. Ipatiwe nafasi: ni kama dada na kaka wanaogombana kwa dakika arobaini na hakuna anayeinua sauti. Mjomba alikubaliana na shahidi.

Alhamisi, 21 Machi
Albamu mbili leo.

Ya kwanza *Zamu ya Asubuhi*. Kiongozi wake ni mpiga besi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu ambaye hupima vifurushi kwenye dirisha la tatu la posta. Namjua kwa kutumia stempu zake tu. Waliirekodi katika bwalo la shule, Jumapili nne, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi kabla watoto hawajaja kunywa uji. Besi, piano, saksafoni, na mpiga drams wanayemwita Taratibu kwa sababu hajawahi kuwa hivyo. Wimbo wa tatu besi inaanza peke yake na kwa dakika mbili nzima huna hamu ya chombo kingine. Nilimwambia Mjomba: hii ndiyo ya msimu. Nilisema anaposhika uzi unasikia ubao, unasikia chumba, unasikia na mtu.

Ya pili *Ngazi za Nyuma*, ya kundi la mpiga drams mkongwe. Imetengenezwa kwa fahari na haina haraka ya kufika popote. Kuhusu wimbo wa nne nilisema besi na drams zinasikika kama watu wanaohamisha kabati ghorofa ya juu, na piano ndiyo jirani anayegonga dari kwa fagio. Mjomba alicheka mpaka akashika mbavu. Sijamwona akicheka hivyo tangu mwaka juzi.

Kiti kilijaa magazeti, kwa hiyo majalada nilikuwa nimeyaweka magotini.

Jumamosi, 23 Machi
Nimesoma safu ya Mjomba nimesimama, kwa mwuza magazeti, mwavuli begani. Nanakili kama ilivyo:

"*Zamu ya Asubuhi* ni albamu ya wanagenzi. Besi na drams zinasikika kama watu wanaohamisha kabati ghorofa ya juu, na piano ndiyo jirani anayegonga dari kwa fagio. Ukumbi ufikirie mara mbili kabla ya kuwapa jukwaa."

Nilisoma mara tatu. Chini yake *Ngazi za Nyuma* imesifiwa: unasikia ubao, unasikia chumba, unasikia na mtu.

Nikapiga simu. Akapokea mkaza-mjomba. "Mjomba wako amejinyoosha kidogo." Ilikuwa saa tatu asubuhi.

Jumatatu, 25 Machi
Ukumbi umewafuta. Kila mwisho wa msimu Ukumbi hulipatia jukwaa kundi moja, Jumapili nzima, na mtu wa redio huja kurusha hewani. Kundi linalopata siku hiyo hupata kazi za mwaka mzima. Meneja alikuwa amemwahidi mpiga besi kwa mdomo. Leo asubuhi akamwambia, kwa mdomo vile vile, asijisumbue. Habari nimezipata posta.

Sikwenda kutafuta habari, nilikwenda kutuma bahasha. Alipima, akabandika stempu, ndipo akaniuliza bila kuinua macho:

"Dada, lile kabati ni lako?"

"Mbona unauliza?"

"Mzee haandiki hivyo. Mzee zamani aliandika kama mtu anayetoa hukumu. Miaka hii miwili anaandika kama mtu aliyekaa nyuma ya mahakama anacheka chinichini. Mimi nakusoma kila Jumatatu, hapa hapa dirishani. Ni lako?"

"Ni langu. Sikulisema juu yenu."

"Sasa limekaa kwetu." Akagonga muhuri. "Anayefuata!"

Safu yangu ya leo inawasifu. Mistari thelathini na miwili. Mhariri amebakiza kumi na mmoja.

Alhamisi, 28 Machi
Mjomba ana mafua. Hakuna kusikiliza. Nimeuliza kwa simu kuhusu kabati, mkaza-mjomba akaenda, akarudi na jibu: "Anasema alibadili mawazo. Sikio ni lake."

Jumatano, 3 Aprili
Mvua siku ya sita. Kesi ya nyaya imeahirishwa tena.

Alhamisi, 4 Aprili
Naandika kwa mpangilio, saa na dakika, kama nilivyozoea.

Saa kumi kamili mkaza-mjomba aliweka *Chumvi Kidogo*, kundi la tarumbeta, akaenda jikoni. Mjomba kigodani, mkono juu ya spika, macho amefumba. Upande wa kwanza ulikwisha salama. Upande wa pili niliuweka mimi. Saa kumi na dakika thelathini na moja, katikati ya wimbo wa pili, sindano ilikwama. Tarumbeta ikawa inarudia noti tatu zile zile, zile zile, kama mtoto anayeng'ang'ania pipi. Nikangoja Mjomba aruke. Ni mtu aliyewahi kutoka katika onyesho kwa sababu kiti cha mwenzake kililia.

Hakuruka. Alitikisa kichwa polepole, akifuata. Akatabasamu. Nilitazama saa ya ukutani: nusu dakika, dakika moja, dakika moja na sekunde arobaini.

Mkaza-mjomba alitoka jikoni mbio, mikono inachuruzika maji, akainua sindano. Akanitazama. Nami nikamtazama.

Spika ilipotulia chini ya kiganja chake, Mjomba akafumbua macho. "Haya, shahidi wa kwanza! Amemalizia vizuri huyu bwana, sivyo?"

Nyimbo tatu zilikuwa bado hazijapigwa.

Nikainua kikombe mpaka kikanifunika mdomo, nikasema kwa sauti ya kawaida: "Mjomba, nyumba inaungua."

"Naam, naam," akasema. "Endelea."

Ijumaa, 5 Aprili
Nimeomba siku moja ya likizo. Nimekaa maktaba ya gazeti na daftari zangu za Alhamisi. Nimeandika hatimkato, ile ya kufuata kasi ya msemaji, tangu ujana, na kila ninachosema kwa Mjomba nimekiandika kwanza, na tarehe. Mjomba aliacha kwenda maonyesho mwaka juzi, mwezi wa pili. Alisema ni magoti. Tangu hapo safu zake ni mia moja na nane. Nimezilinganisha na daftari moja moja. Tisini na saba zina sentensi zangu, nzima au kukaribia nzima. Zile kumi na moja ni za Alhamisi nilizokuwa safarini, pamoja na ile ya mafua. Humo anasimulia wanamuziki wa ujana wake.

Nilipomaliza nilikwenda msalani nikaosha uso. Si kwamba nililia. Vumbi la magazeti ya zamani ni jingi.

Alhamisi, 11 Aprili
Nilikaa mbele yake, mwanga ukiwa usoni mwangu, nikasema polepole: "Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Masikio, Mjomba."

Akamgeukia mkewe. Mkewe akakunja kanga mabegani. "Usinitazame mimi. Nilikwambia huyu si wa kuchezewa, anashinda na mahakimu."

Mjomba akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshikwa akiwa nusu ya njia. "La kushoto liliondoka mwaka juzi. La kulia likalifuata. Hayakuaga."

"Ungeniambia."

"Ningekwambia ungekuja kwa huruma. Nilitaka uje kwa ajili ya muziki."

Ni sentensi nzuri. Nimeiandika. Lakini nimesikia sentensi nzuri nyingi kizimbani.

"Nilikuja kwa ajili ya muziki," nikasema, "na wewe ukachukua kilichonileta. Tisini na saba, Mjomba. Nimehesabu."

"Ulihesabu?" Akaonekana, kwa sekunde moja, kujivunia. "Mimi ndiye niliyekufundisha kuhesabu."

"Na mpiga besi?"

"Mpiga besi yupi?"

"Wa posta. *Zamu ya Asubuhi*. Uliyemwita kabati."

"Wewe ndiye uliyesema kabati."

"Nilisema kuhusu *Ngazi za Nyuma*. Wimbo wa nne."

"Jalada la *Zamu* lilikuwa mkononi mwako! Nililiona. Ulikuwa unalipiga-piga hivi."

"Kiti kilijaa, Mjomba. Yote mawili yalikuwa magotini."

Alikuwa amenisoma midomo na jalada, akaamini vyote viwili. Nilimwona akiirudia ile Alhamisi kichwani, na alipofika penyewe bega lake moja likashuka.

"Nitasahihisha," akasema. "Jumamosi. Mistari mitatu: nilichanganya albamu mbili. Yatosha?"

"Yatosha."

"Masikio usiyataje. Orodha ya albamu bora za msimu ikitoka mwezi ujao, nastaafu. Wameniandalia sherehe. Niache nitoke kwa mlango wa mbele, mpwa wangu."

Nikamwambia sitayataja. Tukapeana mikono. Mkaza-mjomba alinisindikiza mpaka getini chini ya mwavuli wake na kunishika kiwiko muda wote, kama ndiye mimi ninayeumwa.

Jumamosi, 13 Aprili
Nanakili:

"Wiki hii alifika nyumbani kwangu mwandishi mmoja wa gazeti la jioni, akaniomba nilainishe maneno juu ya kundi ambalo ana urafiki nalo. Namstahi, kwa hiyo simtaji. Lakini wasomaji wangu wajue: masikio haya hayajawahi kuuzwa."

Safu ya jazi ya gazeti la jioni iko moja mjini, na naiandika mimi.

Jumapili, 14 Aprili
Mama amepiga simu kabla sijanywa chai.

"Nimeisoma. Imenikera hata mimi. Lakini usimjibu."

"Mama, ameniita mwongo mbele ya mji mzima."

"Hakukutaja."

"Mama."

"Ni kaka yangu, mwanangu. Amebakiwa na lile gazeti tu. Ukimvua hilo amebaki uchi."

Kuna kitu katika namna alivyosema "amebakiwa". Nimewahoji watu kwa miaka ishirini na sita. Nikamwuliza: "Umejua tangu lini kwamba hasikii?"

Nikamsikia akivuta kiti, akaketi.

"Nani unadhani alimwambia akuite Alhamisi?" akasema. "Ulikuwa umeachika, unashinda na kesi za wezi, huna wa kuzungumza naye. Yeye anataka masikio, wewe unataka mtu. Nikaona mtafaana. Na mlifaana! Au nasema uongo?"

Nikamwambia nitampigia baadaye. Sikumpigia.

Kwa hiyo walikuwa watatu. Mjomba, mkewe na mama yangu. Chai, kigoda, "shahidi wa kwanza". Kila kitu kilipangwa, na mimi peke yangu ndiye niliyedhani ni mazoea. Miaka miwili nilikuwa nikitoka pale nikijihisi mwepesi. Ndicho kinachoniudhi kuliko wizi wenyewe.

Jumatatu, 15 Aprili
Mhariri ameniita, amefunga mlango, jambo asilofanya.

"Uliomba alainishe?"

"Niliomba asahihishe."

"Una ushahidi?"

Nikamwekea daftari la tarehe 21 Machi. Hasomi hatimkato. Tukamwita katibu wa mkurugenzi, aliyesomea hatimkato shule moja nami. Akasoma kwa sauti, kabati na fagio, juu yake jina la albamu na namba ya wimbo. Mhariri alikuna shingo.

"Kuna nyuma ya hili jambo lolote ambalo hujaniambia?"

"Lipo."

"Utaniambia?"

"La hasha. Si langu."

Niliandika hivi, na hakukata hata neno: "Sentensi ya kabati ni yangu. Niliisema tarehe 21 Machi mbele ya mtu mmoja, kuhusu wimbo wa nne wa *Ngazi za Nyuma*. Wanamuziki wa *Zamu ya Asubuhi* si rafiki zangu. Kiongozi wao hunipimia vifurushi. Nimeisikiliza albamu yao mara sita. Hapa chini ni nilichosema siku hiyo juu yake." Kisha nikaweka daftari kama lilivyo.

Jumanne, 16 Aprili
Mpiga drams wa *Ngazi za Nyuma* amenipigia simu mahakamani.

"Kumbe kabati ni mimi?"

"Wimbo wa nne tu."

"Na wa tano?"

"Wa tano ulinipendeza."

"Mbona hukuandika?"

"Niliandika. Mstari wa mwisho."

Nikamsikia akifunua gazeti. "Aa. Haya." Akakata.

Meneja wa Ukumbi hakupiga simu, basi nikampigia mimi. Anasema ananiamini, ila watu wanasoma la asubuhi.

Alhamisi, 18 Aprili
Sikwenda. Saa kumi nilijikuta nimevaa viatu.

Jumamosi, 20 Aprili
Safu ya Mjomba: ujana wake, na ukumbi uliobomolewa kabla sijazaliwa.

Jumamosi, 27 Aprili
Safu ya Mjomba: *Paka wa Stesheni* ni albamu "yenye jalada la kijani la heshima, na wanamuziki waliokomaa". Hakuna nani, hakuna dakika. Nimeisikiliza nyumbani. Kwa yeyote atakayesoma hapa: wimbo wa kwanza na wa sita, nyingine ni njia ya kufika wa sita.

Jumamosi, 4 Mei
"Albamu inayojieleza yenyewe," ameandika. Mhariri ameisoma kwa sauti mbele ya chumba kizima. Watu wakacheka. Mimi niliangalia dirishani. Mvua imekuwa ya vipindi, inanyesha na kukoma kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Ijumaa, 10 Mei
Kifurushi kutoka kampuni ya santuri: *Kiti cha Nne*, jalada jeupe, majina makubwa matano nyuma. Msimu mzima watu wameingoja. Ndani hamna santuri. Kuna karatasi ndogo: maji yaliingia kiwandani mpaka magotini, santuri zitatoka Juni, jalada limetangulia ili waandishi wajue waliomo. Wanaomba radhi.

Wametuma kwa waandishi wote na kwa maduka.

Alhamisi, 16 Mei
Mkaza-mjomba amepiga simu saa kumi. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayenong'ona mlango wa chumba ukiwa wazi, kana kwamba Mjomba angemsikia.

"Mwanangu, orodha inatakiwa kesho asubuhi. Ile ya jalada jeupe, umeisikia?"

Nikaelewa hawajalifungua. Wafungue wafanye nini? Tangu nilipoacha kwenda hakuna mtu wa kusikiliza kilichomo ndani ya nyumba ile. Anasoma mgongo wa majalada.

"Sijaisikia," nikasema.

"Anasema majina ni makubwa, hao hawawezi kuharibu."

"Ni majina makubwa kweli."

"Huna la kuongeza?"

"Umeniuliza kama nimeisikia. Sijaisikia."

"Haya, mwanangu. Asante."

Kila nilichosema kilikuwa kweli. Nimewaona mashahidi wakifanya hivi, wanajibu swali kama lilivyoulizwa na kuketi, na nimewadharau. Nilikuwa na simu mezani jioni nzima. Nilijua namba. Nilimfikiria mpiga besi akigonga muhuri, nikafikiria "masikio haya hayajawahi kuuzwa", nikamfikiria mama yangu na ile "mtafaana" yake. Kisha nikaenda kuosha vyombo.

Jumamosi, 18 Mei
Orodha ya msimu, nusu ukurasa, na picha yake ya zamani akiwa amevaa kofia.

*Zamu ya Asubuhi* haimo. Nambari moja ni *Kiti cha Nne*. "Solo ya saksafoni katika wimbo wa tatu ni ya kumvulia mtu kofia. Nimeisikiliza mara nne na kila mara nikasikia jambo jipya."

Kufikia saa sita mchana kila mwenye duka la santuri alikuwa ameifahamu. Mmoja amebandika lile jalada tupu dirishani, na chini yake kipande cha gazeti. Watu wanasimama pale na miavuli wanacheka. Nilisimama nao. Sikucheka, lakini nilisimama.

Jumatatu, 20 Mei
Gazeti la asubuhi limeomba radhi ukurasa wa kwanza. Safu imefungwa. Sherehe haitajwi.

Saa tano meneja wa Ukumbi akapiga simu. "Orodha ile sasa ni karatasi ya kufungia karanga. Nina Jumapili haina mtu. Wale wa posta wako tayari?"

"Waulize wao. Dirisha la tatu."

Jumapili, 26 Mei
Jua tangu asubuhi, la kwanza baada ya siku nyingi. Walianza kupiga saa kumi jioni. Watu mia mbili na kumi na wawili. Nilihesabu kwa safu za viti. Taratibu alivunja fimbo moja katika wimbo wa kwanza. Katika wimbo wa tatu mpiga besi alianza peke yake na dakika ya pili mtu wa redio akavua vifaa vyake masikioni, akasikiliza kwa masikio matupu. Hiyo nitaiweka kwenye safu.

Baadaye nilimpa mkono nyuma ya jukwaa. Vidole vyake vilikuwa na malengelenge.

"Umefurahi?" nikamwuliza.

"Nimefurahi. Sijasahau lile kabati."

"Sikutegemea usahau."

"Watu wanasema ulijua lile jalada ni tupu. Kwamba mnapata vifurushi vile vile."

"Tunapata."

Alinitazama kama anavyotazama mizani. "Sikukuomba ufanye hivyo kwa ajili yangu," akasema, akaenda kufunika besi yake.

Jumatatu, 27 Mei
Mhariri wa gazeti la asubuhi ameniandikia barua: nichukue safu ya Jumamosi. Sijajibu.

Saa kumi na robo simu ililia. Mkaza-mjomba.

"Mjomba wako yuko hapa. Ana swali moja."

"Aulize."

"Anauliza, ulijua santuri haimo?"

Chumba cha habari kilikuwa na kelele zake za kawaida. Nikafunga jicho moja, kama mtu anayelenga.

"Nilijua."

Nilimsikia mkaza-mjomba akigeuka, simu ingali mkononi. Kwa miaka miwili mwanamke yule amezungumza na mumewe kwa vidole, kwa macho, kwa kugusa bega, asijue mtu. Leo alipaza sauti, madirisha wazi, jirani wote wakisikia, neno moja moja ili midomo isomeke:

"AMESEMA! ALIJUA!"

Nikangoja. Mbali kidogo, kwa sauti kubwa kupita kiasi, kama wanavyosema watu wasiojisikia, Mjomba akajibu:

"Mwulize dakika ya ngapi aliamua."

Nikamwambia. Ilikuwa saa kumi na dakika nane, Alhamisi ile ya orodha. Mkaza-mjomba akalirudia jibu kwa kelele, kisha simu ikakatwa, sijui na nani kati yao.